Mbwa anakwaruza, anachimba, anakojolea ukuta: namna ya kuutengeneza na kuulinda, kwa nyumba zetu za Tabora

Mwangaluka wadau. Hili suala naulizwa sana na watu wa Ipuli, Cheyo, Isevya mpaka Kiloleni huko, kwa sababu kazi yangu ni plasta na rangi na nyumba yenye mbwa ukifika unakuta mambo ni yaleyale, pembeni ya mlango pamekwanguliwa mpaka tofali linaonekana, nguzo ya geti imeota unga mweupe, nyuma ya jiko kuna shimo limefika kwenye msingi. Na mwenye nyumba anachotaka ni rangi ipakwe leo leo. Sasa rangi ukiipaka hapo haikai, itabanduka tu, kwa sababu mbwa bado ana sababu yake ya kwenda palepale na ukuta bado una chumvi au unyevu ndani. Kwa hiyo hapa tunaanza na mbwa, tunakuja kwenye ukuta wenyewe, tunaweka kinga, rangi ndo ya mwisho kabisa. Naomba usiruke hatua, hasa ile ya kwanza na ya pili ambazo watu wengi wanaziona hazihusiani na ujenzi.

Hatua ya 1: angalia uharibifu uko wapi, ndo utajua mbwa anataka nini

Zunguka nyumba nzima, ndani na nje, taratibu. Mahali palipoharibika panakwambia sababu.

Mikwaruzo pembeni ya mlango au chini ya dirisha, mistari mirefu ya kucha inayoshuka chini, huyo anataka kuingia ndani au anataka kutoka. Kuna mbwa ambao wanafanya hivo siku za radi tu, na masika ya kwetu radi tunazijua, mbwa anachanganyikiwa na hofu anakwangua mlango na ukuta mpaka kucha zinatoka damu. Huyo hana ukorofi wowote, anaogopa.

Shimo chini ya ukuta lina sababu zaidi ya moja. Kama linachimbwa mwezi wa tisa na wa kumi kipindi joto limepamba, na lipo upande wenye kivuli, mbwa anatafuta udongo wa baridi alale. Kama anachimba sehemu moja huku ananusa na kutega masikio, kuna panya kwenye msingi, hapo anakufanyia kazi, tatizo lako ni panya. Kama shimo lipo chini ya ukuta wa fensi au jirani na geti anataka kutoka, mara nyingi ni dume amesikia harufu ya jike aliye kwenye joto.

Kona za nyumba, nguzo za geti, miguu ya baraza, hizo ni za mkojo. Dume anaweka alama yake pale na akishaweka atarudi kila siku, na mbwa wa jirani wakipita nje wanaongezea.

Kona iliyong'atwa, plasta imemegeka vipande vina alama za meno, angalia umri wa mbwa. Kuanzia kama miezi mitatu mpaka sita, saba hivi, mtoto wa mbwa anabadilisha meno, fizi zinamuwasha, anatafuna chochote kigumu. Mbwa mkubwa anayelamba na kula ukuta wa udongo au wa chokaa ni habari nyingine, anaweza kuwa na minyoo, au chakula hakimtoshi, au amechoka kukaa kibandani mchana kutwa hana cha kufanya.

Na kuna mahali ambapo mbwa hajagusa kabisa, mnyororo ndo umekwangua. Mtu amemfunga kwenye nondo za dirisha, kila mbwa akizunguka mnyororo unasugua ukingo wa dirisha. Hiyo inaisha siku hiyohiyo ukimhamisha.

Jambo moja zito kabla sijaendelea. Kama mbwa wako aliyekuwa mtulivu ameanza ghafla kung'ata kuta, kung'ata mbao na vyuma, sauti imebadilika, udenda unamtoka, anashindwa kumeza, au amekuwa mkali kwa watu anaowajua, achana na habari ya ukuta. Usimkaribie, waondoe watoto, fungia geti, mpigie afisa mifugo wa kata yako, hizo ni dalili za kichaa cha mbwa. Akiwa amemng'ata au kumkwaruza mtu, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 na muda huohuo uende hospitali, usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Ugonjwa huu dalili zikishatokea kwa binadamu karibu kila mara ni kifo, ila chanjo ikiwahi inaokoa. Mbwa wako achanjwe kila mwaka, na tarehe 28 Septemba ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ulizia kwa ofisi ya mifugo kama kuna zoezi la chanjo karibu na wewe.

Hatua ya 2: maliza sababu

Anayetafuta baridi mpe baridi. Wengi tuna mwembe uani, chimba pale chini ya kivuli eneo la kama mita moja kwa mita moja, jaza mchanga, umwagie maji asubuhi na mchana. Weka na maji ya kunywa hapohapo kwenye chombo kizito asichoweza kukipindua. Mbwa akishapajua hataki tena kule nyuma ya jiko.

Anayeogopa radi mruhusu aingie sehemu, hata kama ni stoo au korido ya nyuma, wingu likianza kutanda tu. Kumfungia nje halafu kesho unampiga kwa sababu amekwangua mlango haimfundishi kitu, mbwa hawezi kuunganisha kipigo cha asubuhi na alichofanya usiku. Anachojifunza ni kukuogopa wewe, na mbwa mwenye hofu anakwangua zaidi.

Mtoto wa mbwa mpe cha kutafuna: kamba nene ya katani yenye vifundo, au goti la ng'ombe bichi kutoka buchani. Mfupa uliopikwa usimpe, hasa wa kuku, unapasuka vipande vyenye ncha na vinaweza kumtoboa tumbo.

Dume anayekojolea kila kona, kumhasi kwa daktari wa mifugo kunapunguza sana hiyo tabia kwa mbwa wengi, ikifanyika mapema kabla haijamkaa ndo vizuri zaidi. Kama hutaki kumhasi, mchimbie gogo au nguzo ya mti mbali na nyumba, kwenye kona ya uwanja, mpeleke pale kila asubuhi akiamka na jioni, akikojoa pale umsifie. Inachukua muda lakini inafanya kazi.

Panya wategee mitego, sumu usiweke. Mbwa akila panya aliyekula sumu anaweza kudhurika na yeye.

Kucha zikatwe. Mbwa wa kibandani asiyetembea kwenye sehemu ngumu kucha zake hazisagiki, zinakuwa ndefu na zinachimba plasta vibaya. Kata ncha tu, ndani ya ukucha kuna nyama yenye damu, ukiifikia unamuumiza na hatakubali tena umshike mguu. Minyoo pia, mpe dawa kila miezi mitatu kwa ushauri wa daktari wa mifugo.

Na mtembeze jamani. Mbwa anayefungiwa kwa masaa kumi na mawili kwenye kibanda cha mabati halafu anafunguliwa usiku akiwa peke yake atatafuta kazi ya kufanya, na kazi iliyopo karibu ni ukuta wako.

Hatua ya 3: jua ukuta wako umejengwa na nini

Hapa ndo ukarabati mwingi unapoharibikia. Tabora tuna kuta za aina kama tatu. Kuna tofali za sementi zenye plasta ya sementi. Kuna tofali za kuchoma, na nyingi kati ya hizo zimejengwa kwa udongo katikati halafu kwa nje zimepigwa pointi ya sementi, yaani maungio kati ya tofali yamejazwa sementi, ndani plasta. Halafu kuna tofali mbichi za udongo, zilizosiribwa kwa udongo na pengine zikapakwa chokaa.

Kanuni ni kwamba kiraka kisiwe kigumu kuliko ukuta. Ukuta wa tofali mbichi ukiuzibia kwa sementi kali, sementi haishikani na udongo, inanasa unyevu nyuma yake, udongo wa ndani unakuwa laini, na siku moja kiraka chote kinatoka kama kigae na kinaondoka na kipande cha ukuta. Wa udongo uzibe kwa udongo, wa sementi uzibe kwa sementi.

Kama hujui ni upi, toboa kidogo kwenye palipoharibika kwa msumari. Ukitoka unga mwekundu laini unaofinyangika ukiulowanisha, ni udongo mbichi. Ukitoka vumbi jekundu gumu lisilofinyangika ni tofali ya kuchoma. Kijivu ni sementi.

Kama umepanga, mwambie mwenye nyumba kabla hujagonga kitu. "Mama shikamoo, mbwa amekwangua pale mlangoni, nataka nipatengeneze kwa gharama yangu, naomba uje upaone." Mkiongea mapema hivo, siku ya kuhama hakuna wa kukudai kwamba ulimbomolea.

Hatua ya 4: ondoa mkojo na chumvi yake

Kama hapana mkojo ruka hapa uende hatua ya 5. Kama pana mkojo usiruke kwa lolote.

Mkojo una maji, urea na chumvi. Maji yanakauka, chumvi inabaki ndani ya plasta. Kila hewa ikiwa na unyevu ile chumvi inavuta maji, jua likiwaka inakauka na kuwa fuwele, na fuwele zikikua zinasukuma plasta kutoka ndani. Ule unga mweupe unaouona kwenye nguzo ya geti ndo huo, ukiukwangua kwa ukucha unakuta chini yake plasta imekuwa kama sukari guru iliyolowana, inamegeka yenyewe. Ndo maana rangi haishiki pale.

Kwanza safisha. Kama alama ni mpya na ukuta una rangi ya mafuta, osha kwa maji na sabuni, halafu siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, halafu suuza kwa maji safi. Siki inakata ile harufu inayomrudisha mbwa. Kwenye ukuta wa chokaa au niru tumia siki kidogo sana na suuza haraka, siki ni asidi inakula chokaa. Usitumie jiki. Mkojo unatoa amonia, amonia ikikutana na klorini ya jiki inatoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu, na chumba kikiwa kidogo ni hatari kweli. Na sabuni za kusafishia zenye amonia nazo zinamfanya mbwa ahisi kuna mkojo pale, anaongezea wa kwake.

Kama unga mweupe umeshaota, kuosha peke yake hakutoshi. Upige mswaki mkavu, brashi ngumu ya waya au ya nailoni, ule unga udondoke kwenye gazeti ukatupe mbali. Usianze kwa maji, maji yanaiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Halafu bandua plasta yote iliyooza na uende zaidi ya doa kama sentimita 15 kila upande, mpaka ufike tofali. Tofali nalo lipige mswaki.

Kama chumvi ni nyingi, kuna njia isiyo na gharama. Chukua udongo wa kichuguu, ule laini wa mfinyanzi, uponde, uchekeche, uchanganye na maji safi uwe uji mzito, upake kwenye tofali unene wa kama sentimita moja na nusu, uache ukauke wenyewe mpaka uanze kupasuka. Ukikauka unavuta maji na chumvi kutoka kwenye tofali. Ubandue, utupe mbali, usiurudishe kwenye kazi nyingine ya ukuta. Rudia mara nyingine kama bado unaona weupe. Kisha acha ukuta ukauke kabisa.

Hatua ya 5: kuziba plasta ya sementi

Mfungie mbwa mbali kwanza. Sementi mbichi na chokaa vinababua ngozi, vikiingia kwenye nyayo zake akajilamba vinamuunguza mdomo. We mwenyewe vaa glavu, na ukichanganya chokaa kinga macho. Kama palipoharibika pana swichi au soketi karibu, zima umeme kwenye meni swichi.

Gonga plasta kuzunguka palipoharibika kwa mpini wa nyundo. Plasta nzima inatoa sauti kavu fupi. Iliyoachana na tofali inatoa mlio wa kitu chenye uwazi ndani, na mara nyingi utakuta uwazi umeenda mbali kuliko unavoona kwa macho. Chora kwa penseli mpaka pale mlio unapobadilika, halafu kata kwa tindo na nyundo kufuata mstari. Kingo zikate ziwe za mraba, na kwa ndani ziingie chini kidogo, yaani upana wa ndani uzidi wa nje, hapo kiraka kinakuwa kimeshikwa. Kingo zilizokwenda zikiisha kama ulimi ndo zinazobanduka mapema.

Piga mswaki, toa vumbi lote. Halafu lowanisha tofali jana yake jioni na tena asubuhi kabla ya kazi. Tofali la kuchoma linanyonya maji sana, ukilipiga plasta likiwa kavu linanyonya maji yote ya sementi, inabaki vumbi isiyo na nguvu. Lakini lisiwe linachuruzika, liwe na unyevu tu.

Mchanga utafute wa plasta, msafi, uchekeche. Kuupima, tia mchanga kwenye chupa tupu ya maji mpaka nusu, ongeza maji, tikisa, acha utulie mpaka kesho. Mchanga utakaa chini na tope juu yake. Tope likiwa limezidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshe au utafute mwingine, plasta ya mchanga wenye tope inapasuka.

Mchanganyiko: kwa ukuta wa tofali za sementi kopo moja la sementi kwa makopo matano ya mchanga. Kwa tofali za kuchoma moja kwa sita inatosha, na ukiongeza nusu kopo la chokaa ya ujenzi inakuwa laini kufanyia kazi na haipasuki ovyo. Kwa kiraka huhitaji mfuko mzima wa kilo 50, maduka mengi ya mtaani wanapima sementi kwa kilo. Changanya vikavu kwanza mpaka rangi iwe moja, ndo uweke maji kidogo kidogo. Changanya kiasi utakachokimaliza ndani ya saa moja, kikianza kushika usikiongezee maji ukadhani umekiokoa, kitupe.

Rusha mchanganyiko kwa mwiko kwa nguvu ushike, usiupake kama siagi. Kama shimo ni la kina zaidi ya sentimita moja na nusu piga mara mbili: ya kwanza ikianza kukaza ikwaruze mistari kwa msumari, ya pili upige kesho yake. Kwenye kona iliyong'atwa simamisha ubao ulionyooka upande mmoja, ushikilie kwa tofali au mtu akushikie, jaza upande wa pili, ikishika hamisha ubao. Halafu sawazisha kwa ubao wa kunyooshea ukikaa juu ya plasta ya zamani pande zote, malizia kwa kibao cha kusugulia kwa mzunguko.

Kiangazi chetu kinakausha haraka. Fanya asubuhi mapema au jioni, na baada ya hapo tundika kiroba au gunia lililolowana mbele ya kiraka. Mwagilia mara mbili tatu kwa siku kwa siku saba. Najua watu wanamwagilia mara moja wanaacha, halafu wiki ijayo nyufa za utando wa buibui zimejaa kiraka chote na fundi analaumiwa.

Hatua ya 6: ukuta wa udongo

Huu kwangu ndo mzuri kuutengeneza, gharama yake ni jasho tu. Ondoa udongo uliolegea, lowanisha kwa kunyunyiza. Chukua udongo wa kichuguu kopo moja kwa mchanga makopo mawili, ongeza nyasi kavu zilizokatwa fupifupi urefu wa vidole viwili au majani ya mpunga, changanya na maji, uache ulale usiku mmoja au miwili, ukande kwa miguu. Kabla hujatumia fanya kipande cha majaribio ukutani cha ukubwa wa kiganja: kikipasuka ukikauka ongeza mchanga, kikiwa kinapukutika ukikisugua ongeza udongo wa kichuguu.

Siriba kwa mkono, bonyeza kwa nguvu, usizidishe unene wa sentimita mbili kwa mara moja. Ya mwisho chekecha udongo uwe laini, wazee wetu wanaweka na kinyesi cha ng'ombe kibichi kidogo ndani, kinasaidia usipasuke na unastahimili rasharasha. Ukikauka kabisa paka chokaa kama nyumba nzima ina chokaa.

Hatua ya 7: shimo la msingi

Hili lisikae mpaka mvua za mwezi wa kumi na moja. Udongo wetu hapa sehemu nyingi ni wa kichanga, maji ya paa yakidondokea kwenye shimo lile yanakwenda nalo, unashangaa mwezi wa kwanza shimo la mbwa limekuwa korongo na baraza linaning'inia.

Kwanza angalia ukuta juu ya shimo. Kama kuna ufa unaopanda kwa ngazi kufuata tofali, au unaoingia ukingo wa sarafu, usifukie ukaficha, ita fundi mwashi auone msingi ukiwa wazi. Kama hakuna ufa, toa udongo uliolegea na takataka, jaza moramu au udongo wenye mawe madogo kwa tabaka za sentimita 10 mpaka 15, kila tabaka linyunyizie maji kidogo na ulishindilie kwa gogo kabla ya kuweka lingine. Usimimine shimo zima mara moja ukakanyaga juu kwa miguu, litatitia.

Pointi zilizochimbuka kati ya tofali, kwangua udongo uliolegea kina cha sentimita mbili, lowanisha, jaza. Kama ndani ni udongo, weka mchanganyiko dhaifu wa moja kwa nane wenye chokaa, sementi kali hapo haifai.

Hatua ya 8: kinga

Kwa nje kinga nzuri kuliko zote ni mkanda wa zege kuzunguka nyumba, upana wa sentimita 60, unene wa 8 mpaka 10, mchanganyiko wa sementi 1, mchanga 3, kokoto 6, umeinama kwenda nje ili maji yaondoke, kwa upana huo ukishusha sentimita mbili inatosha. Mbwa hachimbi pale na maji ya paa hayali msingi, unakuwa umetatua mawili.

Hela haipo? Nunua waya wa kuku au wayameshi, chimba mfereji kina cha sentimita 30 kandokando ya ukuta, uweke waya usimame kwenye mfereji na sehemu nyingine ilale kuelekea nje kama nusu mita, fukia, juu panga mawe. Kingo zenye ncha zikunjie chini zisimkate nyayo. Mbwa akichimba anakutana na waya, anajaribu mara kadhaa anaacha.

Pembeni ya mlango na kwenye kona weka mabanzi. Kwenye mashine za mbao yanapatikana kwa bei ya chini, yapigie randa, yafunge ukutani kwa rolplagi (vile vibomba vya plastiki vya kushikia skrubu) na skrubu kwenda juu mita moja mpaka moja na robo, mbwa wetu wa kawaida akisimama kwa miguu ya nyuma hapo ndo kucha zinapofika. Acha uwazi wa sentimita tano kutoka chini, banzi likigusa udongo mchwa wa Tabora hawakuachi. Dawa ya mchwa ukiipaka mbwa asifike pale mpaka ikauke kabisa. Wenye uwezo, tailizi kwenye hiyo mita ya chini ni bora zaidi, kucha haziingii na mkojo unafutika.

Oili chafu ya gari usimwage ukutani kumfukuza mbwa, na naftalini usiweke. Akilamba anaumwa, na oili ikishaingia kwenye plasta hakuna rangi itakayoshika pale tena bila kubandua yote. Pilipili nayo inamwingia machoni. Mnyama anatulinda usiku kucha, hatustahili kumtesa kwa ajili ya ukuta.

Hatua ya 9: rangi

Subiri. Plasta mpya ya sementi inataka kama wiki nne kukauka sawasawa. Njia ya kupima: bandika kipande cha nailoni cha ukubwa wa daftari kwa tepu ya karatasi pande zote, acha usiku mzima, asubuhi ukikuta majimaji ndani ya nailoni bado.

Ikikauka sugua kwa msasa. Kama nyumba ni ya zamani na rangi ya chini huijui, lowanisha kabla ya kusugua na uvae barakoa, rangi za zamani nyingine zina risasi ndani na vumbi lake ni sumu kwa watoto na kwa mbwa. Piga skimu nyembamba (ule utando laini wa kusawazisha plasta) kama ukuta wote una skimu, halafu praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, halafu rangi yenyewe. Mita moja ya chini paka rangi ya mafuta hata kama juu ni rangi ya maji, chagua kijivu au kahawia, ule weusi wa mbwa anapoegemea kulala unafutwa kwa kitambaa na sabuni ukaisha. Ukuta wa udongo usiupake rangi ya mafuta, hauwezi kupumua, utabanduka, huo chokaa tu.

Mbwa asirudi pale mpaka rangi isiwe na harufu. Ikibaki kwenye kopo funga vizuri, andika juu kwa maka namba ya rangi, chumba na tarehe, na uiweke stoo mahali pasipo na jua.